Kinyama chekundu kwenye ufizi wa mjamzito: kikatwe sasa au tusubiri ajifungue?

Baba Mtarajiwa
Habari zenu, ndugu zangu. Mke wangu ana ujauzito wa miezi sita, na tangu mwezi wa nne wa ujauzito ameota kinyama chekundu kati ya meno mawili ya mbele ya juu, ambacho kilianza kama punje ya mtama na sasa kinakaribia ukubwa wa harage. Hakimuumi, ila mswaki ukikigusa tu kinatoka damu, na asubuhi nakuta foronya ina madoa. Mama mkwe anashauri kifungwe uzi mpaka kidondoke. Zahanati wamesema jino ling'olewe. Ninaogopa saratani, na ninaogopa pia ganzi isije ikamdhuru mtoto.

Daktari wa Meno
Pole, kaka. Maelezo yako yanafanana sana na granuloma ya payojeni, ambayo ikimtokea mjamzito huitwa uvimbe wa ujauzito, nayo si saratani. Chanzo chake huwa ukoga na ugaga ulioganda shingoni mwa jino, na homoni za ujauzito huufanya ufizi uitikie uchafu huo kwa ukali kuliko kawaida. Tafadhali msifunge uzi, kwa sababu kinyama hicho kimejaa mishipa ya damu. Kitavuja, kitaoza na shina lake litabaki. Jino lisilolegea halina sababu ya kung'olewa.

Hata hivyo, macho peke yake hayatoshi. Fibroma, uvimbe mwingine wa ufizi usio saratani, huwa ngumu na yenye rangi ya ufizi wenyewe, na ipo granuloma ya seli kubwa, ya rangi ya zambarau, ambayo huweza kula mfupa ulio chini yake. Ndiyo maana tunapima kama jino linatikisika, tunapiga eksirei inapolazimu, na kila kinachokatwa kinapaswa kupelekwa maabara. Kwa sasa mkeo asafishwe meno hospitalini na atumie mswaki laini, kwa kuwa mara nyingi uvimbe huu hunywea baada ya kujifungua. Damu ikizidi au akishindwa kula, hukatwa kwa ganzi ya lidokaini, ambayo wajawazito hutumia kwa usalama. Wakati mzuri ni kati ya mwezi wa nne na wa sita wa ujauzito, nanyi mko ukingoni, kwa hiyo msiahirishe kumwona daktari.

Mama wa Wawili
Mimi nilikatwa nikiwa mjamzito, kikarudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu ugaga uliokuwa chini ya ufizi haukuguswa. Daktari wa pili alikitoa mpaka kwenye utando wa mfupa, akakwangua na mzizi wa jino, na hakijarudi tena. Kile cha kwanza kilitupwa bila kupimwa, jambo linalonisikitisha mpaka leo. Dada yetu adai majibu ya maabara.

Mfamasia
Niongeze kwa wasomaji wengine: fizi zikivimba mdomo mzima kwa anayetumia fenitoini (dawa ya kifafa) au nifedipini (dawa ya shinikizo la damu), huenda ni dawa, lakini asiiache bila kumwona aliyemwandikia. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, jino linalolegea lenyewe au ganzi mdomoni isiyo na sababu ni mambo ya kuwahi hospitali.

Baba Mtarajiwa
Asanteni sana. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa meno na kadi ya kliniki mkononi. Mama mkwe nimemsomea majibu haya kwa simu, naye ameafiki tuachane na uzi.