Barabara za rula za Kansas zitaniua, nani aliwaambia dunia ni meza?

Wakuu heshima zenu, leo nina hasira hata sijui nianzie wapi. Niko huku Marekani, magharibi mwa Kansas, naendesha lori la chakula cha ng'ombe, juzi usiku nimeingia nalo kwenye shamba la ngano la watu. Sikulewa, sikusinzia. Barabara ya changarawe imenyooka maili na maili mpaka unasahau usukani una kazi gani, halafu ghafla barabara hamna, mbele ngano tupu! Kumbe imehamia pembeni, unatakiwa ukate kushoto, usogee kidogo, ukate tena kulia uendelee na safari kama vile hakuna kilichotokea. Bosi kanikata hela ya brekidauni iliyonivuta na bado ananiambia eti "hapo ni koreksheni laini (mstari wa kurekebisha vipimo vya ardhi), kila mtu anapajua". Kila mtu nani? Kibao chenyewe kimelala kwenye majani.

Nikaulizia kwa wazee wa huku, nikachoka zaidi. Mwaka 1785 wakubwa wa Marekani walikaa wakaamua nchi ikatwe viboksi, maili 6 kwa 6, kila boksi vipande 36, kila kipande maili 1 kwa 1, ekari 640. Wenyeji waliokuwa wanaishi humo wala hawakuulizwa. Sasa dunia ni duara, mistari ya kwenda kaskazini inazidi kubanana, kwa hiyo wapimaji kila wakifika mahali wanaanza kupima upya, na ile tofauti ikaachiwa barabara, ndo hiyo koreksheni laini. Yaani hesabu iliyowashinda wao naimalizia mimi na lori saa nane usiku.

Na ukitaka kwenda kaskazini mashariki sahau njia ya mkato, ni maili 10 juu na maili 10 kulia, 20 hizo, wakati kwetu watu wangeshapasua kinjia katikati ikawa 14 tu.

Mashamba ndo usiseme. 1862 wakaanza kugawa ekari 160 kwa anayekubali kukaa miaka 5, penye mvua na penye ukame sawasawa, na kila mtu akae kwenye kipande chake, ndo maana mpaka leo ukiishiwa chumvi unawasha gari. 1878 John Wesley Powell, mtafiti wa ardhi wa serikali, aliwaambia kabisa, kwenye ukame mfugaji anahitaji ekari 2,560 na mipaka ifuate maji. Wakamsikiliza? Thubutu! Leo wanamwagilia kwa bomba refu la magurudumu linalozunguka kama mshale wa saa, kwenye ekari 160 maji yanafika kama 125, zile kona nne zinakaa kavu. Ukiwa kwenye ndege utadhani mtu kapanga sahani.

Dereva yeyote wa Kansas au Nebraska humu, mnajuaje kama koreksheni laini iko mbele kabla taa hazijaimulika ngano? GPS yangu inasema nyoosha tu. Na hiyo hela ya brekidauni naidai, simwachii.