Naomba ushauri, mwenzangu wa huduma amekata tamaa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko Uyole hapa Mbeya, mimi na rafiki yangu tumehudumu pamoja mwaka wa 9 sasa, kila jumamosi tunaenda vijijini huko Isongole na kushuka mpaka Tukuyu, spika tumefunga kwenye bodaboda, mvua yetu matope yetu, na ile baridi ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe. Nilipougua yeye ndo alinivunia viazi vyangu vyote, hakudai hata mia.

Sasa mwaka jana alisingiziwa kula hela ya sadaka, ikahakikiwa akaonekana hana kosa ila hakuna aliyemwomba msamaha mbele za watu, kimyaaa. Tangu hapo haji tena, simu anapokea ila nikigusia huduma anabadili mada.

Wazee wananiambia nitafute mtu mwingine, mi moyo unakataa kabisa. Hata Marko aliwaacha akina Paulo kule Pamfilia, Barnaba akamng'ang'ania, na baadae Paulo mwenyewe akamuulizia.

Je niwaombe wazee wamuombe radhi hadharani au nimpe muda kwanza? Wenye uzoefu nisaidieni.