Ukoo wa Chumbageni: mayai yamechanganyika

Shangazi Rehema, 20:04
Assalaam alaykum. Nani kagusa mayai jikoni kwa mama? Niliacha mabichi kwenye trei, ya kuchemsha kwenye sufuria. Sasa yote yamo beseni moja, yamepoa, hayajulikani.

Shangazi Rehema, 20:06
Ni mayai 60. Nusu ya mkate wa mayai, nusu ya biriani. Hitma ni kesho asubuhi, jamani.

Shangazi Rehema, 20:21
Tiki za buluu naziona. Mnasoma mnanyamaza.

Idi Muheza, 20:22
Pasueni moja moja, likimwagika ni bichi 😂

Zulfa, 20:24
Shangazi, tia kwenye maji. Yaliyoiva yataelea.

Shangazi Rehema, 20:25
Hapana mwanangu. Yai huelea likishakaa sana, hewa imeongezeka ndani. Haya ni ya juzi, mabichi kwa yaliyoiva yote yatazama.

Mama Halima, 20:27
Wifi, yalaze mezani uyazungushe. Lililoiva linakwenda kasi, limetulia kama pia. Bichi linayumba na kuchoka upesi, ute wa ndani haufuati gamba. Ukiwa na shaka, ligandamize kwa kidole lisimame, halafu achia hapo hapo. Bichi litaanza tena lenyewe, maana ndani bado kunazunguka. Lililoiva halitikisiki.

Shangazi Rehema, 20:33
Wallahi kweli! Nimeligusa, nikaachia, likaendelea lenyewe. Ila kuna moja linazunguka huku linayumba.

Mama Halima, 20:34
Hilo pengine kiini hakijashika. Zima taa, limulike na tochi ya simu upande mnene. Bichi linawaka ndani rangi ya chungwa, lililoiva ni giza. Gamba la kahawia linataka jicho.

Idi Muheza, 20:35
Ligi ya mayai imeanza. Mimi refa ⚽

Zulfa, 20:35
😂😂😂

Shangazi Rehema, 20:36
Idi, nina kazi.

Baba Mkubwa Athumani, 20:41
Sufuria kubwa ya mama imerudi? Ile iliyoondoka siku ya arusi ya Zulfa.

Zulfa, 20:41
Ba'mkubwa, tena?

Baba Mkubwa Athumani, 20:42
Sijataja mtu.

Mama Halima, 20:43
Shemeji, ukinisema mimi nitaje.

Bibi, 20:52
Sufuria ni yangu na sijaidai. Rehema, hayo ya kuchemsha yako nje tangu saa ngapi?

Shangazi Rehema, 20:53
Tangu alasiri, mama.

Bibi, 20:56
Basi hayaliwi na watoto wa watu. Yai likishachemshwa gamba halina kinga tena, linaharibika kuliko bichi. Masaa mawili kwenye joto hili yanatosha. Tengeni mabichi mfanye mkate. Ya biriani yachemsheni alfajiri, dakika kumi na mbili, myatie maji baridi.

Shangazi Rehema, 20:57
Sawa mama.

Shangazi Rehema, 21:10
Inatakiwa trei nyingine. Nani analeta?

Shangazi Rehema, 21:24
Nauliza.

Idi Muheza, 21:26
Shangazi, mimi niko Muheza.

Suleiman, 21:40
Samahanini, nilikuwa kazini. Mayai gani?

Shangazi Rehema, 21:41
Soma juu.

Mama Halima, 21:44
Nitamwangalia muuza duka wa hapa kama hajafunga.

Shangazi Rehema, 21:44
Utaangalia au utaleta, wifi?

Zulfa, 21:58
Mabichi nimeyatenga, matatu bado yananitatiza. Mkate nianze?