Ushauri: sakafu ya mbao inaweza kufungua uchunguzi?

Mwanagenzi: Wakuu, naombeni msaada. Natafsiri habari ya Kifaransa kuhusu kesi ya rushwa. Kuna sentensi "le parquet a ouvert une enquête". Kamusi yangu inasema parquet ni sakafu ya mbao, nikaandika "sakafu ya mbao imefungua uchunguzi". Mhariri kairudisha na alama tatu za kuuliza. Niandikeje?

Kijiwe: Hahaha, na dari ikakata rufaa?

Karani Mstaafu: Mwache kijana. Kwa Ufaransa, parquet ni ofisi ya waendesha mashtaka. Neno limetokana na parc. Parquet ni kiuga kidogo kilichozungushiwa uzio. Kwenye kumbi za zamani za mahakama, mawakili wa mfalme walikuwa na sehemu yao ya namna hiyo, na jina la mahali likawahamia wenyewe. Hadi leo majaji huitwa "wa kukaa" na waendesha mashtaka "wa kusimama", maana hawa huinuka wanapozungumza. Andika "ofisi ya mwendesha mashtaka imefungua uchunguzi". Usije ukaweka "mahakama", utakuwa umemchanganya anayeshtaki na anayehukumu.

Mwanagenzi: Asante mzee wangu. Na "substitut du parquet"? Aibu naona mwenyewe, nilikuwa nimeweka "sakafu mbadala".

Karani Mstaafu: Naibu mwendesha mashtaka. Pole.

Randa: Sisi wa mbao nasi tusisahaulike. Si kila sakafu ya mbao ni parketi. Parketi ni vipande vifupi vinavyopangwa kwa maumbo. Ule mpango wa mfupa wa samaki, kichwa cha kipande hugota ubavuni mwa mwenzake. Wengine hukata vichwa mshazari ili vikutane kwenye mstari mmoja. Na kando ya ukuta lazima uache nafasi. Mbao hutanuka, ukiibana inavimba katikati kama chapati.

Safuwima: Kwenye data pia lipo. Apache Parquet ni aina ya faili iliyotoka 2013, kazi ya Twitter na Cloudera. Huhifadhi data kwa safuwima badala ya safu mlalo, hivyo ukitaka safuwima moja husomi faili zima. Baiti nne za mwanzo na nne za mwisho husomeka PAR1. Ukikutana nalo huko, liache kama lilivyo.

Mwanagenzi: Nimetuma upya. Sakafu zote mbili nimeziondoa.