Nimesasisha programu ya mahesabu, ripoti ya giza haipo tena. Naomba msaada

MamaWawili_Kgm

Habari za jioni wadau. Naandika nikiwa Mwanga, Kigoma, na tangu juzi sina raha.

Natumia programu moja ya mahesabu ya nyumbani kwenye laptopu tangu 2017. Humo kuna mshahara wangu wa ualimu, ada za watoto, hisa za vikoba, na biashara ya dagaa ninayofanya na mdogo wangu. Wiki iliyopita programu ilinidai nipandishe toleo. Nikakubali. Ikabadilisha faili langu lote, ikafunguka vizuri, rangi nzuri. Kwenda kutoa ripoti, nakuta ni Januari, Februari, Machi, basi. Mahali pa kuandika "kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii" hapapo. Ripoti ya lebo, yaani jina la kundi ninalobandika kwenye kila muamala, nayo haipo, na kuchapisha hakupo. Umebaki mduara wa rangi unaosema chakula asilimia fulani.

Kwa aliye mbali na Ziwa Tanganyika nieleze. Dagaa hapa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mwanga unatapakaa juu ya maji, dagaa hawajikusanyi penye taa, na mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo mwezi wetu wa biashara ni giza moja, toka mbalamwezi hadi mbalamwezi. Haufuati kalenda ya ukutani.

Angalieni giza hili la karibuni. Mwezi ulipevuka katikati ya Novemba 2024, ukapevuka tena katikati ya Desemba. Nilianza kununua mwalo wa Kibirizi tarehe 22 Novemba. Hadi mwisho wa mwezi nilikuwa nimetoa 1,260,000, na hadi tarehe 9 Desemba nikaongeza 580,000. Vibarua wa kuanika, viroba na usafirishaji wa treni hadi Tabora ni 310,000. Mdogo wangu akauza kule sokoni, pesa zikaingia kidogo kidogo kati ya tarehe 4 na 21 Desemba, jumla 2,790,000. Faida 640,000, kila mtu 320,000.

Sasa toleo jipya linaonyesha Novemba ni hasara tupu. Desemba inaonyesha faida ambayo si yake, na humo humo kuna manunuzi ya giza lililofuata. Hesabu ya giza langu haionekani popote.

Ripoti ile ndiyo ilikuwa shahidi kati yangu na mdogo wangu. Kila mwisho wa giza naichapisha, karatasi moja, namtumia na mzigo, anaifungua kule Tabora anasoma mstari kwa mstari. Miaka saba hatujawahi kunyoosheana kidole. Safari hii nimemwambia asubiri, na sipendi kumwambia mdogo wangu asubiri pesa yake.

Kuna namna ya kurudisha ripoti hizo? Au nihamie wapi?

Kijana_Katubuka

Shikamoo mama. Mimi ningeshauri uzoee tu ya kila mwezi. Benki, kodi ya nyumba, mshahara, vyote vinakwenda kwa kalenda. Ukijumlisha mwaka mzima si jibu linatoka lile lile?

MamaWawili_Kgm

Marahaba mwanangu. Mwaka mzima ndiyo, linatoka. Lakini mdogo wangu halipwi kwa mwaka. Na mimi nataka kujua giza gani nilinunua beseni la dagaa kwa bei ya juu nikauza kwa hasara, nisirudie.

Tena kuna la 2024. Ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane. Miezi ile mitatu tuliishi kwa mshahara na akiba. Nilikuwa naweza kuandika tarehe hizo mbili nikaona tulikula nini, ada ilitoka wapi, akiba ilishuka kiasi gani. Ndivyo ninavyojua niweke shilingi ngapi kabla halijafungwa tena. Kwa kalenda, nusu ya Mei na nusu ya Agosti zinaniharibia hesabu yote.

Fundi_Gungu

Dada, kwanza acha kuingiza chochote kipya kwenye toleo hilo. Andika kwenye daftari kwa sasa.

Pili, tafuta kwenye folda ya programu. Nyingi zikibadilisha faili huacha nakala ya zamani pembeni, tarehe yake ni ile ya siku uliyosasisha. Toleo la zamani haliwezi kusoma faili lililokwisha kubadilishwa, linataka nakala hiyo ya kabla. Una bakapu kwenye flashi? Na lile faili la kusakinishia la 2017 unalo bado?

Mhasibu_Isevya

Pole sana dada. Niko Tabora, na nasema wazi kwamba nakuunga mkono: hesabu ifuate mzunguko wa mali. Wafanyabiashara wa mazao hapa huhesabu kwa msimu.

Ukifanikiwa kufungua toleo la zamani, usiishie kufurahi. Toa kumbukumbu zako zote kwa QIF au CSV, aina za faili ambazo programu nyingine za mahesabu zinaweza kusoma, siku hiyo hiyo, kwa sababu kompyuta ikifa utarudi palepale. Halafu jaribu programu ya mahesabu ya GnuCash. Ni ya bure, inasoma QIF na CSV, na ripoti yake ya mapato na matumizi unaipa tarehe ya kuanza na ya kumaliza unazotaka wewe. Lebo kama zako haina, lakini ukiandika jina la giza kwenye maelezo ya muamala, ripoti ya miamala inaweza kuchuja kwa neno hilo.

Angalia mambo mawili. Tarehe: 04/12 inaweza kusomwa tarehe 12 Aprili, hakikisha umechagua siku kabla ya mwezi. Na pesa unazohamisha mwenyewe, mfano kutoka simu kwenda benki, huwa zinatokea kwenye akaunti zote mbili. Usizihesabu mara mbili.

MamaWawili_Kgm

Nimerudi. Ahsanteni sana, Mungu awabariki.

Nakala ya kabla ilikuwepo, kama fundi alivyosema. Faili la kusakinishia nimelikuta kwenye flashi ya mtihani wa darasa la saba. Nimesakinisha kwenye kompyuta ya mume wangu, nikatoa CSV, nikaingiza GnuCash jana usiku hadi saa sita.

Mara ya kwanza faida ya giza ilitoka 1,090,000. Moyo ulinishtuka, nikadhani nimemdhulumu mdogo wangu. Kumbe ni lile onyo la mhasibu: 450,000 alizonitumia kwa simu, nikazihamishia benki, zilikuwa zimeingia tena kama mapato. Nilipofuta ule mstari wa pili ikatoka 640,000, sawasawa na daftari.

Karatasi imechapishwa na 320,000 zake nimemtumia asubuhi.

Bado tatizo moja, Mhasibu. Kwenye CSV, lebo za 2019 na 2020 zimekuja tupu, za kuanzia 2021 zipo. Nizijaze kwa mkono nikifuata tarehe za mbalamwezi, au kuna njia fupi?