Wadau, hizi oda za ndege za kuruka masaa 20 bila kutua zina faida gani? Na sisi je?

Mwana Uyole

Wakuu habari za jioni. Huku Mbeya baridi imeshaanza kung'ata, nimejifunika blanketi nasoma habari za ndege mpaka simu inazima, ila kuna kitu kinanigomea kichwani naombeni wanaojua mnisaidie.

Qantas ya Australia mwaka 2022 iliagiza Airbus A350-1000 kumi na mbili za kutengenezewa maalum, zina tenki la ziada nyuma la lita 20,000, lengo ni kutoka Sydney mpaka London na New York bila kutua popote, safari ya masaa 20 kwenda juu, wamepanga kuanza 2027. Singapore Airlines ndo wako kazini tayari, Singapore mpaka New York kama kilomita 15,300, unakaa hewani masaa 18 na ushee. Halafu Emirates ya Dubai Novemba 2025 pale kwenye maonyesho ya ndege ya kwao wakaongeza Boeing 777-9 sitini na tano, oda yao yote ya 777X (ndo familia ya hiyo 777-9) ikafika 270, na hapo ujue hizo ndege hakuna aliyekabidhiwa hata moja!!

Sasa mimi nikipanda basi Nane Nane mpaka Dar ni masaa 13, nikishuka stendi ya Magufuli miguu imejaa hata kiatu hakiingii. Masaa 20 kwenye kiti nani anakubali, na analipia? Na swali la pili, Dreamliner (Boeing 787) zetu za ATCL, yaani Air Tanzania, haziwezi kwenda Marekani moja kwa moja tukaacha kuzungushwa?

Fundi Mstaafu, Iringa

Kijana umeuliza vizuri, ngoja nikujibu taratibu maana mimi sina haraka, mahindi nimeshavuna.

Shida ya safari ndefu ni mafuta kubeba mafuta. Chukua fuso ya viazi ya Makete, mwenye gari akasema sitaki isimame sheli hata moja mpaka Dar, kwa hiyo nusu ya bodi anapanga madumu ya dizeli. Viazi vinabaki magunia machache, na kila kilima gari inapanda na uzito wa dizeli ambayo bado haijaitumia, na ili ipande inachoma dizeli zaidi. Ndege ni hivyo hivyo. Ndo maana ile A350-900ULR ya Singapore, ya masafa marefu kupita kiasi, ina viti 161 tu, 67 vya bizinesi na 94 vya daraja linalofuata, ekonomi hamna kabisa. Na Qantas hizo zake kubwa wameweka viti 238 wakati wengine ndege hiyo hiyo wanajaza watu zaidi ya 300. Kwa hiyo anayelipia ni yule ambaye masaa manne ya kuokoa yana thamani kuliko hela ya tiketi, wale wa mabenki na makampuni, wewe na mimi hatumo kwenye hesabu.

Na usifikiri ni jambo jipya. Singapore walianza kwenda Newark, jirani kabisa na New York, mwaka 2004 na A340-500, injini nne, inakunywa mafuta balaa, baadaye wakaifanya ya bizinesi tupu viti 100 na bado 2013 wakaacha. Walirudi 2018 ndege ya injini mbili ilipopatikana. Njia ni ile ile, abiria ni wale wale, kilichobadilika ni injini.

Kuhusu hizo oda kubwa kubwa, oda kwa sehemu kubwa ni kununua nafasi kwenye foleni. Unatoa advansi, unaongeza kidogo kidogo kadiri ndege inavyokaribia kuundwa, fungu kubwa unalipa siku ya kukabidhiwa. Injini nazo mara nyingi ni mkataba wa pembeni kabisa. 777X ilitangazwa 2013, ikaruka mara ya kwanza Januari 2020, na sasa hivi wanasema ya kwanza itakabidhiwa 2027. Emirates akiondoka kwenye foleni leo akarudi kesho anakuta mbele yake wamejipanga wengine, sasa afanyeje, anaongeza oda.

Konda wa Zamani

Fundi umemaliza ila mimi niongeze kwa lugha ya stendi. Nimepiga ukonda njia ya Mbeya Dar miaka tisa. Gari la moja kwa moja lisilosimama linapendwa na abiria lakini bosi halipendi, maana akishuka mtu wa Makambako, pale njia panda ya Songea, kile kiti unakiuza tena kwa mtu wa Songea au Njombe aliyekuja na gari lingine. Makambako ndo Dubai ya barabara yetu!! Emirates anafanya ukonda tu, anakusanya watu wa Songea, Njombe, Mbeya anawakutanisha halafu anawagawa. Qantas yeye hana Makambako, Australia iko mwisho wa barabara, ndo maana anataka tenki kubwa.

Mwana Uyole

Hahaha konda umeua. Mzee Fundi shikamoo, nimekuelewa kwenye viazi. Swali la Dreamliner umeliruka lakini.

Fundi Mstaafu, Iringa

Marahaba. Sijaliruka nilikuwa nakula.

Kwa umbali peke yake inafika. 787-8 inaenda kama kilomita 13,500 kwenye makaratasi, Dar mpaka New York ni kama 12,400. Kenya Airways wanaifanya hiyo safari toka Nairobi na 787-8 tangu Oktoba 2018, masaa kama 15 kwenda. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, Dar inawazidi Nairobi na Addis kwa jambo moja, iko usawa wa bahari. Nairobi iko mita zaidi ya 1,600 juu, Addis 2,300, hewa nyembamba, ndege haiwezi kunyanyuka na uzito wote. Ethiopian wakienda Washington walikuwa wanatua njiani kuongeza mafuta, Dublin au Lomé, wakirudi wanakuja moja kwa moja kwa sababu Washington ni chini. Hata uwanja wa Songwe kwenu pamoja na ile njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu, uko juu mita 1,300 na kitu, Dreamliner ikijaa mafuta ya New York pale ni shughuli.

Kikwazo chetu kiko kwingine. Kwanza vibali, Kenya ilibidi ipandishwe daraja la usalama wa anga na Wamarekani Februari 2017 ndo ikaruhusiwa, na sisi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha ya zuio la kuruka kwao, Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa hapa. Pili hesabu ya ndege. Masaa 15 kwenda, inapumzika, inasafishwa, masaa karibu 14 kurudi, siku nzima na zaidi imeliwa. Ukitaka kwenda kila siku unahitaji ndege mbili. Tuna Dreamliner tatu. Moja ikiingia matengenezo, Guangzhou na Mumbai unapeleka nini, Bombardier zile ndogo za mapanga?

Mama Vitenge Mwanjelwa

Hapo hapo baba, asante! Mimi naenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kufuata mzigo, sijawahi kulalamika kuhusu kuunganisha ndege, nashuka najinyoosha nakunywa chai naswali maisha yanaendelea. Kilichoniumiza ni siku nimetoka huku na nauli ya watu watatu waliniagiza, nafika Dar naambiwa ndege ina hitilafu subirini, shirika silitaji, tukalala siku mbili na lile soko linafungwa nikakosa mzigo wa sikukuu. Kama kuna hela ya kuagiza ndege, mimi naomba ya akiba ikae pembeni imepaki, siku moja ikigoma nyingine inaondoka. Hiyo ya masaa 20 wapeni Wazungu wanaokimbilia mikutano.

Mdau wa Mafinga

Napingana kidogo na konda. Makambako ni nzuri mpaka siku barabara ifungwe. Muulize Finnair, wao Helsinki ilikuwa njia ya mkato ya Ulaya kwenda Asia, Urusi ikafunga anga 2022, safari ya Tokyo ikatoka masaa tisa na nusu ikawa kama 13. Mwenye ndege yenye pumzi alizunguka akafika, asiye nayo alisimamisha njia. Kwa hiyo wengine hawaagizi kwa ajili ya kwenda mbali, wanaagiza ili wakizungushwa wasikwame.

Konda wa Zamani

Sawa mkuu nakubali, mvua ikikata barabara kule Mikumi hata mimi ningetamani gari lenye tenki mbili. Ila ungeona siku hiyo Ilula, magari yamepanga mstari, wauza nyanya na vitunguu wamepiga hela ya mwezi.

Mwana Uyole

Kwa hiyo mzee Fundi ungekuwa wewe ndo unaagiza ungechukua nini?

Fundi Mstaafu, Iringa

Injini za spea. Zile Airbus A220 zetu zilipaki muda mrefu kwa shida ya injini, na sio sisi peke yetu, ndege za aina hiyo zililala nchi nyingi. Ndege bila injini ni banda la kuku la bei ghali.

Mama Vitenge Mwanjelwa

😂😂 Baba mimi nimecheka mpaka mteja kaondoka. Haya kesho saa kumi na moja alfajiri niko Nane Nane naelekea Dar, konda kama bado una watu wako nitafutie kiti cha mbele upande usio na jua.