Slopu nzuri, R² 0.9998, lakini floraidi yetu inasoma chini. Nianzie wapi?

Mpima_Maji
Habari zenu wakuu. Nipo maabara ya maji huku Arusha, floraidi tunapima kwa elektrodi. Kalibresheni tunafanya kila asubuhi, standadi (miyeyusho ya floraidi yenye kiasi kinachojulikana) za 0.5, 1, 5 na 10 mg/L, slopu, yani mwinamo wa mstari, haitoki kwenye -58 na R², namba ya kuonyesha pointi zimelala vizuri kwenye mstari, ni 0.9998, yani ukiitazama huna la kusema. Sasa kuna mteja ana visima viwili, sampuli kazigawa, nusu kaleta kwetu nusu kapeleka maabara nyingine. Kisima cha shule sisi tumepata 1.4 wao 1.7, kile kingine sisi 3.3 wao 4.0. Bosi anasema kalibresheni yetu safi kwahiyo waliokosea ni wao, ila mimi roho inakataa kabisa, kikomo cha maji ya kunywa ni 1.5 mg/L, kwetu kisima cha shule kinapita na kwao kinafeli, na meno ya watoto wa huku kwetu Meru yanavyoharibika rangi kwa floraidi kila mtu anayajua. TISAB (kimiminika cha kusawazisha sampuli kabla ya kupima) naweka nusu kwa nusu, vyombo vyote plastiki. Nianzie wapi?

Bika_la_Plastiki
Kaka hiyo TISAB unaweka na kwenye standadi pia au kwenye sampuli tu? Maana wapo wanaosahau. Halafu joto, standadi zinatoka kwenye friji? Ziache zifike joto la chumba sawa na sampuli, na chini ya bika weka kipande cha sponji maana ile mashine ya kuzungusha sumaku ikikaa muda mrefu inachemka na inapasha bika. Kwenye elektrodi ya floraidi kosa la milivolti (mV) 1 tu ni kama asilimia 4 ya jibu lako. Tofauti yenu hiyo ni kama mV 5 hivi, sio kubwa, huwezi kuiona kwa macho kwenye skrini.

Mpima_Maji
TISAB kote naweka, na standadi zinakaa mezani tangu asubuhi.

Dada_Titresheni
Mdogo wangu hebu chukua kikokotoo. 1.7 gawa kwa 1.4, halafu 4.0 gawa kwa 3.3. Zote 1.21. Visima viwili ni vichache kusema kwa uhakika, lakini ingekuwa ni uchafu kwenye vyombo ungeona nyongeza inayokaribiana kote, na ingekuwa aluminiamu au chuma vinaishika floraidi basi kila kisima kingekuja na uwiano wake. Uwiano ukiwa mmoja mimi naenda moja kwa moja kwenye chupa ya standadi mama, ile unayoizimua kupata zile nne.

Na hapa ndo watu wengi wanadanganyika. Elektrodi inasoma logi ya kiasi, sio kiasi chenyewe. Standadi mama ikiwa kali kwa asilimia 20, zile standadi zako zote nne zinakuwa kali kwa asilimia 20, mstari mzima unahama pembeni lakini mwinamo wake haubadiliki hata kidogo, slopu inabaki -58 na R² inabaki 0.9998. Kwahiyo namba hizo mbili zinakuambia elektrodi ni nzima na ulipima ujazo vizuri kutoka chupa moja kwenda nyingine, basi. Kama lebo ya chupa inasema kweli, hilo hazijui.

Swali langu: sampuli yako ya QC (ya kujikagua wenyewe) unaitengeneza kutoka chupa gani?

Mpima_Maji
Chupa ileile dada.

Dada_Titresheni
Basi hiyo ni kumuuliza mshtakiwa kama ana hatia. Kausha NaF (sodiamu floraidi) kwenye oveni nyuzi 110 masaa mawili, iache ipoe kwenye desiketa (chombo kisichoingiza unyevu), pima gramu 0.221, yeyusha mpaka lita moja kamili kwenye flaski ya ujazo, hiyo ni 100 mg/L, hamishia chupa ya plastiki. Ikiwezekana NaF iwe ya kopo lingine, au nunua standadi yenye cheti. Kisha standadi ya zamani ipime kama sampuli isiyojulikana. Na mizani ziangalie, stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mambo ya biashara, wewe unahitaji cheti cha kalibresheni chenye namba na uncertainty yake (kiasi cha shaka ya kipimo), TBS, shirika la viwango, wanafanya.

Mpima_Maji
Nimerudi. Nimetengeneza mpya kwa kopo jipya, nimekalibreti nayo, ile ya zamani iliyoandikwa 10 imesoma 12.1. Kifuniko chake nilivyokiangalia kimepasuka pembeni, sijui kama ndo sababu peke yake. Sasa ripoti zilizokwisha kutoka tunafanyaje? Tuzidishe tu kwa 1.21?

Mkaguzi_Mstaafu
Hapana mkuu, msizidishe. Hamjui ilianza kukolea lini, na ripoti ya mwezi wa kwanza inaweza kuwa sahihi. Rudini nyuma mpaka siku ya mwisho ambayo kitu cha nje kilikubaliana na nyie, mfano majibu ya PT (majaribio ya kulinganisha maabara) ya SADCMET, ushirikiano wa vipimo wa nchi za SADC, kama mnashiriki, kuanzia hapo kila jibu lenye floraidi linatiliwa shaka, na ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, inataka wateja wajulishwe kama majibu waliyopewa yanaguswa. Anzeni na yale yaliyotoka kati ya 1.2 na 1.5, hayo ndo uamuzi unaweza kugeuka. Ya Maji ya Chai huko yanayosoma 10 na kuendelea yanafeli kwa vyovyote, yatasubiri.

Kuanzia sasa QC itoke kopo tofauti na ichorwe kwenye chati ya udhibiti kila siku, standadi ikianza kukolea mtaiona QC ikiteremka polepole kabla mteja hajaona tatizo. Na bosi mwonyeshe hiyo 12.1 bila maneno mengi. Kisima cha shule msingoje kikao, mpigieni mteja leo, chukueni sampuli mpya kesho.

Mpima_Maji
Nimeshampigia, saa mbili asubuhi nipo kisimani.